Mkunga Aliyesusa Chakula

Benchi la kahawa pembeni ya duka la simu lina miguu mitatu na tofali, na asubuhi ile Pampu aliliangukia kama gunia. Yeye ndiye mtu wa mitambo ya maji kwenye ile nyumba ya samaki, watu wanakokwenda kutazama viumbe nyuma ya kioo. Miaka tisa amemlisha mkunga mmoja, samaki mrefu kama nyoka, mnene kama paja la mtu. Sasa mkunga hataki kula, na bosi kasema Ijumaa achinjwe.

— Mwezi wa tano huu hajagusa kitu, alisema Pampu. Jana nimeokota meno yake chini ya tangi.

Msumari, fundi seremala, akapuliza kahawa yake.

— Uzee huo. Mbona hata mimi magego yameshaniaga?

— Uzee gani, na tumbo limefura hivyo?

— Basi kameza saa ya mgeni, alidakia Kinyozi.

— Saa itajaza tumbo lile? Kameza redio! alisema Msumari.

— Nyie hamjui, alisema Kinyozi. Huyo ni mpelelezi wa bosi. Anahesabu mnavyochelewa kazini, sasa kashiba umbea.

Pampu akafikicha macho; usiku wa tatu huo hakulala, akimlinda mkunga.

Mwanamke mwenye sare ya hospitali, viatu mkononi, akaomba kikombe na kujibanza pembeni.

— Nimezalisha wanne tangu jana, alisema. Nasikia mkunga anaumwa, nikadhani mwenzangu.

— Ni samaki, dada.

— Hali chakula, na tumbo limejaa? Ana mayai huyo. Kwao huwa wanazalia wapi?

— Baharini, kwenye kina kirefu, alijibu Pampu.

— Sasa humo kwenye kioo atazaaje?

Aibu ilimpanda Pampu mpaka masikioni. Miaka yote hiyo hakuwahi kufikiri kwamba yule naye ana kwao.

Daktari wa samaki alipompima, akakubali: ni mayai, tena hawa huzaa mara moja tu, kisha hufa. Bosi alichoka kubembelezwa, akasema mtoeni. Alhamisi wakamsukuma ndani ya pipa, kwa mkokoteni wa Msumari, mpaka mwisho wa gati. Mkunga aliteleza majini, akazama bila kugeuka.

— Atarudi? aliuliza Kinyozi.

Pampu alitikisa kichwa.

— Umemfikisha mlangoni, kaka, alisema yule dada wa hospitali, aliyepitia hapo akienda kazini. Mengine anayajua mwenyewe.

Pampu akaegemea pipa tupu, akapitiwa na usingizi papo hapo.