Nuksi Aliyewekwa Nje

Benchi lenyewe ni mbao tatu na miguu ya chuma, limekaa kati ya mlango wa ngazi na banda la njiwa, katika mtaa wa matofali mekundu waliojengewa wachimba makaa wa mji wa Bytom, Poland. Madirishani akina mama wameegemeza viwiko kwenye mito, wanasikia kila neno huku wakijifanya wanatazama njiwa. Kahawa ni ile ya kumiminia maji ya moto juu ya unga wake. Hunywewa kwa glasi, na mwenye haraka hula machicha. Anayeileta kwenye chupa ya chai ni Profesa, mwalimu wa michezo mstaafu, jina lake Rajmund ingawa hakuna anayelitumia. Kipa, yaani Ewald, huleta maneno. Aliidakia timu ya mgodi miaka mingi, na kwa masimulizi yake hajawahi kufungwa bao lililokuwa kosa lake. Wa tatu ni Alojzy. Huyo wanamwita Nuksi.

Jumamosi hii Nuksi alishuka ngazi amevaa shati la kanisani.

— Nani kafa? — Kipa akauliza.

— Hajafa mtu. Tekla anarusha saa tisa.

Tekla ni mjukuu wake, mrusha nyundo, ule mpira wa chuma kwenye waya. Leo ilikuwa mara yake ya mwisho kurusha kwenye uwanja wa hapa mjini, kwani msimu wa vuli angehamia mji wa Poznań kufanya mazoezi na wakubwa. Jana mezani alimwambia babu yake bila kumtazama: “Babu, kiti chako nitakiweka. Usipokuja kitabaki wazi.” Alojzy aliomba chumvi.

Kwa nini alikwepa jibu, mtaa mzima unajua. Mwaka sabini na tatu, Poland ilipocheza na Uingereza pale Wembley, wapangaji wa ngazi nzima walijazana sebuleni kwa mama yake Kipa. Alojzy, kijana wakati huo, akatumwa makaa stoo ya chini. Akiwa huko, Poland ikafunga. Akarudi na ndoo, hata hajaitua vizuri, penalti, Waingereza wakasawazisha. Sebule nzima ikageuka kumtazama. Wakamsukuma nje hadi filimbi ya mwisho, sare ikabaki sare, Poland ikaenda Kombe la Dunia, na Alojzy akawa Nuksi. Tangu siku hiyo, Mpoland yeyote akishindana, yeye hutoka mwenyewe na kuja kukaa hapa. Ushindi wote wa nchi yake ameusikia kupitia madirisha.

— Usiende, — Kipa akasema. — Nakwambia kama ndugu yangu. Kituo chako cha kazi ni hapa. Szewińska medali saba za Olimpiki, mbio na kuruka. Unadhani alizipataje?

— Sita kati ya hizo alizipata kabla ya Wembley, — Profesa akasema huku akimimina kahawa. — Wakati huo Nuksi alikuwa Alojzy tu.

— Basi hiyo ya saba. Montreal, mita mia nne, dhahabu na rekodi ya dunia, mama mwenye mtoto nyumbani. Hiyo alikimbia kwa nini?

— Kwa miguu yake.

— Kwa miguu yake na kwa makalio ya huyu hapa benchini. Usimnyime mtu haki yake.

Alojzy akatabasamu kidogo. Siku ile aliikumbuka vizuri. Kelele zilianzia ghorofa ya tatu, zikashuka dirisha kwa dirisha, njiwa wakaruka wote kwa pamoja, naye akasimama peke yake uani akipiga makofi bila kujua anampigia nani.

— Na Kozakiewicz, Moscow, — Kipa akaendelea. — Uwanja mzima unampigia miluzi aanguke. Jamaa kashika upondo wake, kavuka, rekodi ya dunia, halafu kawaonyesha mkono ule wa matusi. Wewe mkono huo uliuona?

— Mama wa ghorofa ya pili alinionyesha dirishani, — Alojzy akasema. — Mara mbili.

Dirishani mtu akacheka.

— Sasa nieleze Małysz, — Profesa akasema. Siku zote alianza na akili zake, kahawa ikifika nusu zinamtoka. — Kombe la Dunia la kuruka kwa ski mara nne. Jumapili nchi nzima inaacha supu inapoa. Lakini dhahabu ya Olimpiki, hata moja. Shaba, fedha, fedha, fedha. Kwa nini?

— Upepo, — Alojzy akajaribu.

— Upepo gani. Wewe ulikuwa umekaa upande huu wa benchi. Upande huu unaona kioo cha duka la mikate, na kioo kinaonyesha dirisha la kwa Kipa, na televisheni iko wapi? Dirishani. Ulikuwa unamtazama huku umempa mgongo, bila kujijua. Ndiyo maana akaishia fedha. Ungegeuka kabisa, angeanguka.

— Eh, hilo sikuliwaza, — Kipa akasema kwa heshima. — Na Kukuczka je? Kijana wa Katowice, kapanda milima yote kumi na minne inayopita mita elfu nane, wa pili duniani. Huko juu nani alimtazama? Hakuna. Kwa hiyo kitu ni macho yenyewe, Profesa. Macho yana uzito. Ukijumlisha ya nchi nzima mtu anabeba kilo ngapi? Na ya Nuksi ni ya mchimba makaa, yamezoea gizani, hayo ni mazito kuliko yote.

— Na nyundo nayo ni nzito tayari, — Profesa akamalizia. — Utamuumiza mtoto.

Alojzy aliizungusha glasi yake akitazama machicha.

— Tekla alinisimulia habari ya Skolimowska, — akasema. — Miaka kumi na saba, dhahabu ya nyundo, Sydney. Akafa bado kijana. Baadaye Włodarczyk akawa anarusha amevaa glavu ya huyo marehemu. Akashinda Olimpiki tatu. Tekla ananisimulia mimi hivyo, kama mtu anavyomsimulia kipofu. Na mimi macho ninayo.

Kipa akavua kofia.

Wakati huo Ksenia, mpangaji mpya wa ghorofa ya kwanza, alikuwa amesimama karibu na banda akimsubiri mbwa wake mwenye miguu mifupi amalize kunusa. Yote ameyasikia.

— Samahani wazee wangu. Mimi ni mgeni, naomba kuuliza. Ile mechi ya Frankfurt, mwaka uliofuata Wembley, ya uwanja uliojaa maji, Poland ilipofungwa na Wajerumani. Mzee Alojzy alikuwa wapi?

— Hapa, — Alojzy akasema.

— Na ile nusu fainali ya Hispania, walipofungwa na Waitalia?

— Hapa hapa.

— Sasa ndani walikuwa wanatazama akina nani?

Kipa akageukia dirisha la kwake. Profesa akaitikisa chupa, haina kitu. Hata mito ya madirishani ikaanza kurudishwa ndani, mmoja mmoja, kimyakimya.

Alojzy hakufurahi. Alishikwa na uchungu, halafu hasira, na hakujua amkasirikie nani, maana nje alikuwa anatoka kwa miguu yake mwenyewe. Akaweka glasi chini, akasimama, akanyoosha shati.

— Tramu inakuja, — akasema.

Wenzake wakamfuata wakiwa wameinamisha vichwa.

Uwanjani, kiti kilikuwa mstari wa mbele, kimewekewa koti la Tekla. Alojzy akalichukua, akalipakata. Tekla alikuwa tayari ndani ya duara, amewapa mgongo. Akazunguka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaachia, na nyundo ikaenda kujibamiza kwenye wavu. Bendera nyekundu ikapanda, jaribio halikuhesabiwa.

Pembeni ya Alojzy, Kipa aliinuka taratibu, kofia mkononi.

— Unakwenda wapi? — Alojzy akauliza.

— Nje kidogo, — Kipa akanong'ona. — Huenda ni mimi.

Alojzy akamshika koti, akamvuta.

— Kaa chini, Ewald. Leo hatoki mtu.

Zamu ya Tekla ikarudi. Akaokota nyundo, akageuka kutazama jukwaani, akaona kiti hakiko wazi. Kisha akaingia kwenye duara na kuanza kuzunguka, na Alojzy, ambaye alitaka sana kufumba macho, hakuyafumba.