Maziwa ya Mgeni

Basi halijatoka vizuri stendi, wawili waliokaa mbele yangu wameshachoshana. Mwanamume alivaa koti la ofisi ya tahadhari ya ukame. Mwanamke alipakata kikapu.

"Chakula cha mifugo mlituahidi tangu majani yakauke. Kiko wapi, baba?"

"Mama, kinatoka ripoti ikionyesha hali ni mbaya. Kwenu bado mnakamua. Nimeandika mwenyewe."

"Tunakamua nini, mawe?"

"Kila mwezi napima hali kwenye nyumba ileile, yenye mlango wa bluu. Kila mwezi naletewa chai ya maziwa. Nifanyeje?"

Mama alishika kichwa. "Mwenye nyumba hiyo ni mama mkwe wangu! Ng'ombe wake wamekwisha wote. Hayo maziwa anazunguka kijiji kizima kuyaomba, eti mgeni wa serikali asinywe chai ya rangi!"

"Sasa mbona hasemi?"

"Ulimuuliza?"

"Naandika ninachokiona, mama. Yalikuwa mezani!"

Nilitazama nje, ambako hakukuwa na cha kutazama ila vumbi.

"Basi kesho ukija, ikatae hiyo chai."

"Niliwahi kukataa. Alinuna mpaka nikanywa vikombe viwili."

"Na viwili ukaviandika!"

Bwana akajishughulisha na vifungo vya koti lake. Nadhani aliviandika.

Basi liliposimama, mama aliinuka kwa hasira, kikapu kikainama, na pakiti za maziwa ya dukani zikachungulia. Bwana akazikodolea macho.

"Unashangaa nini?" alifoka mama akishuka. "Mama mkwe kanituma mjini. Si kesho unakuja?"