Leonia na Chupa Aliyoificha kwa Heshima

Leonia Wenceslaus, tunayemzika leo hapa Ipuli, alizaliwa Bukene tarehe 12 Agosti 1929, mtoto wa kwanza wa mzee Wenceslaus, kibarua wa reli, na mama Josepha. Alizaliwa mdogo mno, hata mama yake alikuwa akimgusagusa usingizini kuhakikisha anapumua. Tabia hiyo mama hakuiacha, hata binti alipokuwa na nyumba yake.

Alisoma Ndala kwa masista hadi darasa la nne. Hesabu zilimshinda, lakini sindano ilimtii. Mwaka 1946 alikuja Tabora kwa shangazi yake, akapata kazi ya cherehani kwenye baraza la duka la Bwana Nassibu. Hapo ndipo Hilari, fundi baiskeli, alipoanza kuleta suruali ileile kila wiki.

"Kaka," Leonia alimwuliza, "suruali hii inachanika yenyewe, au unaisaidia?"

"Naisaidia kidogo, dada."

Baraza zima lilicheka. Walifunga ndoa tarehe 7 Januari 1950, wakajaliwa binti mmoja, Getruda.

Baada ya uzazi huo maumivu ya tumbo hayakumwacha. Mwaka huu wa 1957 madaktari walikuta uvimbe kwenye kizazi, na tarehe 19 Machi alipasuliwa salama. Aliwekewa mrija wa mpira wa kutolea mkojo, ukashuka hadi kwenye chupa iliyokaa sakafuni. Nesi aliagiza chupa isiinuliwe kamwe, na mgonjwa anywe maji mengi.

Jumapili, baada ya misa, wageni walijaa. Mzee Anselm, baba yake Hilari, alikuwa amekuja kwa baiskeli kutoka Sikonge na kibuyu cha asali. Leonia aliposikia sauti yake nje ya wodi, alijikunja kwa maumivu, akaivuta ile chupa, akaikumbatia kitandani chini ya kanga.

"Iweke chini, mwanangu," mama yake alinong'ona.

"Mama, baba mkwe huyo! Auone mkojo wangu?"

"Basi kunywa hata maji."

"Nikinywa itajaa. Nitakunywa wakiondoka."

Mzee Anselm akaingia. "Shikamoo, baba," Leonia akasema, akitabasamu.

"Marahaba, mama. Umepona wewe, naona hata unacheka."

Wageni wa kwetu hawaondoki upesi. Mzee alisimulia habari za nyuki mpaka jua likageuka. Kesho yake wakwe walirudi, na Leonia akafanya vilevile.

Jumatano mama yake aliona mkojo umekuwa mzito, kama maji yaliyooshewa mchele, na paji la uso linachoma. Alimwita nesi mbio. Leonia alichomwa sindano, akapewa vidonge. Daktari alieleza kwamba mrija wenyewe ni njia ya maradhi hata kwa mgonjwa aliyetunzwa vizuri, na chupa ikiinuliwa, mkojo hurudi kwenye kibofu pamoja na uchafu wake. Maradhi yalipanda kwenye figo, kisha yakaingia kwenye damu. Leonia aliagiza Getruda afundishwe cherehani mapema, "asije akavaa mishono mibaya ya watu." Alifariki tarehe 2 Aprili, asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama yake.

Jana ukoo ulibishana kama haya yasomwe. Mama yake aliogopa kumvunjia mwanawe heshima. Aliogopa zaidi kwamba binti wa mtu mwingine ataificha chupa yake. Mzee Anselm ndiye aliyekata shauri.

"Mama Leonia, someni yote, nami nikiwa nimekaa mbele. Sitaki mkaza mwana mwingine aniheshimu hivyo."

Ameacha wazazi wake, mumewe Hilari, binti yake Getruda, wadogo zake Raymundi na Apolinaria, na baba mkwe wake, aliyekaa hapa mbele.

Tukienda kumwona mgonjwa, tumsalimie, tumpe maji, tutoke. Naye Leonia, Mungu amlaze pasipo homa wala haya, apumzike kwa amani.