Waya wa Goti la Bashiri

Benchi letu liko Runzewe, nje ya duka la saruji, na Mama Kudra hutuuzia kahawa hapo kila asubuhi. Siku hiyo Bashiri, fundi wa vigae, alifika akichechemea. Miaka mitano nyuma aliteleza kwenye ngazi, kifuniko cha goti kikapasuka, madaktari wakakifunga kwa waya na pini. Akapona, akarudi kazini. Sasa ncha moja ya waya ilikuwa imeinua ngozi kama punje ya mchele, na kupiga goti ili apange vigae hawezi.

— Daktari anasemaje? aliuliza Mzee Stanslaus, ambaye tunamwita Meja.

— Waya umekatika. Anataka kuutoa Jumatatu.

— Usikubali. Huo ndio umeshika goti. Ukitolewa, linafumuka kama mkeka.

— Ndicho ninachoogopa, Meja. Hata usingizi sipati.

Luka, mchimbaji wa dhahabu tunayemwita Detekta, akaweka kikombe chini.

— Ukiuacha nao unatembea. Kuna jamaa wa Kagongwa, wake ulitokea begani.

— Kutoka gotini? aliuliza Bashiri.

— Ulipitia kiunoni.

— Ulimwona?

— Nilimwona aliyemwona.

Tulicheka, Bashiri naye. Luka hakujali.

— Na kule kwetu machimboni, mashine ya kutafutia dhahabu ililia pale alipokaa jamaa mwenye waya kama wako. Tukachimba futi sita.

— Mkapata nini?

— Mizizi.

Dada mmoja aliyekuwa akisubiri basi la Chato alimrudishia Mama Kudra kikombe, akatugeukia.

— Shikamooni. Samahani kaka, mfupa wenyewe umeunga?

— Picha inaonyesha uliunga zamani.

— Na waya umekatika. Sasa umeshika nini?

Bashiri alipandisha suruali, akalikagua goti lake taratibu, kama anavyokagua kazi ya fundi mwingine. Basi likaja, yule dada akapanda.

Jumatatu Bashiri alikwenda hospitali. Walitoa waya na pini mbili. Wiki za kwanza alikaa nyumbani, mkewe Zuleha akituletea salamu zake, kisha akaanza kutembea na fimbo, kisha bila fimbo.

Mwezi wa pili alipata kazi ya vigae vya sebule moja karibu na stendi. Jioni alipita kijiweni, akaagiza kahawa, akasimama mbele yetu. Suruali yake ilikuwa na saruji magotini, yote mawili.