Mdiria wa Ngomeni Hajaonekana Tangu Jumatatu

Saa tisa alasiri, pale kijiweni mbele ya duka la nyavu, Ngomeni, kahawa ilikuwa ikinywewa kwa wasiwasi. Saa kumi wangefika wageni wa kutazama ndege, na Twahir, mlinzi wa mikoko ya kijiji, alikuwa amewaahidi mdiria, yule ndege wa buluu mwenye mdomo mwekundu ambaye watu husafiri kutoka mbali kuja kumwona. Samaki walikuwa wameadimika, mwaka wa tatu sasa. Mke wa Twahir, Batuli, na akina mama wenziwe walikuwa jikoni tangu asubuhi wakiwapikia wageni wali wa nazi na kaa. Wageni wakiridhika, watakuja kila wiki. Taabu ni kwamba mdiria mwenyewe hajaonekana tangu Jumatatu.

— Kahamia Watamu, alisema Kombe, aliyeitwa Redio kwa kujua habari za kila mtu. Kule kuna mahoteli. Hata mimi ningekuwa na mbawa ningekwenda.

— Hiyo ndege haijahama, alisema Musembi, fundi wa injini za mashua, wenyewe wakimwita Injinia. Imevutwa. Wale watu wa juzi si waliiangalia sana na darubini? Darubini inavuta kitu. Na ile ndege ni kadogo.

— Mbona mwezi hauvutiki?

— Mwezi ni mzito, Redio.

Redio akasogea, akashusha sauti.

— Basi niwape habari ya uhakika. Amegoma. Anapigwa picha, picha zinakwenda Ulaya, yeye kapewa nini? Hata kamba mmoja!

— Msinitie wazimu, Twahir akasema. Batuli amekuna nazi kumi na mbili. Nikamwambie mdiria amegoma?

— Wacha nijifiche kwa mikoko niite mimi, akasema Injinia. Wakisikia sauti, watatosheka. Skiza.

Akakaza shingo, akaita. Ulitoka mlio wa injini iliyokataa kuwaka. Kuku wawili wakatimka.

— Sivyo, yakhe!

Twahir hakupenda udanganyifu, lakini kuharibiwa mlio ule hakuvumilia. Hadi Jumatatu alikuwa akiusikia kila alfajiri akikagua miche ya mikoko. Akakunja midomo, akapiga: mlio mmoja mkali, kisha mingine midogo midogo ikifuatana mbio.

Halafu, kutoka mikokoni ng'ambo ya barabara, mlio ule ule ukarudi.

— Mmemficha nani kule? Redio akanong'ona.

— Si mimi, akasema Injinia. Mimi niko hapa.

Twahir akapiga tena, akajibiwa tena. Akaita, akaita, kahawa ikapoa, macho yakamlengalenga machozi.

Gari hawakulisikia. Waligutuka Monicah, binti anayewaongoza wageni, keshasimama mbele yao, na wageni wawili nyuma yake.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

— Tumewahi kidogo. Wageni hawajiwezi kwa furaha! Yule mdiria wa kule mikokoni wamemwona, katua peupe kabisa, na wanasema watarudi na wenzao. Lakini wamesikia wawili wakiitana. Huyu wa pili, wa hapa kijiweni, yuko wapi?

Redio, ambaye hajawahi kukosa jibu, akachungulia ndani ya kikombe. Injinia akainua macho juu ya paa la duka, kana kwamba na yeye anamtafuta. Na Twahir, midomo ingali imekunjika, akanyoosha mkono juu polepole, kama mwanafunzi darasani.