Kwa Nini Mwalimu Bertha Amelazwa Mwera

Hapana, mama atalala Mlalo kando ya baba, alikuwa akisema Bryson, na mdogo wake Devota akamjibu kwamba baba mwenyewe Mlalo alikwenda likizo tu, sembuse mama aliyekwenda huko kwa misiba, na maneno hayo waliyasema wamesimama miguuni pa kitanda, Pongwe, mwezi wa Aprili mwaka huu, huku mwenye kuzikwa yu hai, anawasikia, na hana sauti ya kuwajibu.

Ndugu waombolezaji, tumeanza na ugomvi huo kwa sababu wengi wenu mmeuliza tangu asubuhi kwa nini mwalimu wa Pongwe, mjane wa mtu wa Mlalo, ameletwa Mwera, na jibu limo katika historia yake mwenyewe.

Mwalimu Bertha alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Mwera, katika kambi ya wakata mkonge, mtoto pekee wa wazazi waliotoka mbali kufuata kazi. Mwaka 1959 mama yake alifariki kwa homa, akazikwa nyuma ya kambi, na wiki ileile baba akampeleka binti Muheza kwa shangazi yake, udongo wa kaburi haujakauka. Alisoma huko kuanzia 1960 hadi alipomaliza darasa la nane mwaka 1967, kisha akajiunga na chuo cha ualimu Korogwe, akahitimu Novemba 1969.

Januari 1970 alipangiwa Tongoni, mwaka 1978 akahamia Pongwe, akafundisha hadi alipostaafu Machi 2011, na kwa miaka yote hiyo arobaini na moja hakuomba darasa jingine ila la kwanza. Walimu wenzake walimtania kwamba amelirudia darasa la kwanza kuliko mwanafunzi yeyote, naye alicheka na kusema bado hajalielewa vizuri.

Tarehe 18 Agosti 1973 alifunga ndoa takatifu na marehemu Fanueli, fundi seremala kutoka Mlalo, wakajaliwa watoto wawili, Bryson mwaka 1975 na Devota mwaka 1979. Mzee Fanueli alitangulia mwaka 2009, akazikwa kwao Mlalo.

Baada ya kustaafu, marehemu aliendelea kupokea watoto barazani kwake kila Jumamosi. Aliwakatia herufi kutoka maboksi ya sabuni, wakapanga maneno mkekani, na aliyejiweza aliandika kikaratasi akatumwa dukani kwa Miraji, ambaye kwa makubaliano yao alitoa kile tu kilichosomeka, hivyo zipo nyumba za Pongwe zilizokula mchicha usio na chumvi kwa ajili ya elimu. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba mtoto anapotafuta herufi wenzake wakalie mikono na wafunge midomo, hata akichukua nusu saa, kwa kuwa anayemaliziwa neno kila siku mwisho huacha kulitafuta.

Tarehe 3 Februari 2025 alipatwa na kiharusi, kikamwondolea nguvu za mkono wa kulia na kauli. Mjukuu wake alimpangia zile herufi kwenye sinia, naye akawa anaonyesha kwa kidole cha kushoto, polepole mno, lakini kila alipogusa herufi moja au mbili Bryson alitaja Mlalo, Devota akataja Pongwe, wakaanza upya kubishana, na mama alifumba macho. Walidhani amechoka. Kumbe alikuwa na neno moja, na hofu yake ilikuwa kwamba atakufa nalo kifuani.

Jumamosi ya tarehe 26 Aprili jirani yetu Bi. Fakhria alikuja kumjulia hali pamoja na mjukuu wake Shahd, mwenye miaka sita, mwanafunzi wa baraza. Mtoto alimwamkia mwalimu wake shikamoo, akaona sinia, akaona kidole kinatafuta, akakaa chini akakalia mikono yake. Bryson alipofungua kinywa, yule mtoto alimgeukia bila kupandisha sauti.

"Mjomba, usimmalizie. Kalia mikono."

Bi. Fakhria aliona haya, akataka kumkanya mjukuu wake, lakini Bryson, mtu wa miaka hamsini, alikaa sakafuni akakalia mikono, na Devota naye akakaa. Ilichukua karibu saa nzima, uji ukapoa. Kidole kiliandika: Mwera, kwa mama.

Hakuna aliyewahi kumsikia akitaja kaburi hilo. Ni jana tu wazee wa hapa walipotuonyesha mahali penyewe, pamepaliliwa na kuzungushiwa mawe, wakatueleza kwamba mwalimu alikuja kila Desemba, mwezi ambao nyumbani alikuwa akituaga kwamba anakwenda Pangani kununua nazi, wakati nazi Pongwe zimejaa.

Tangu Jumamosi ile ya sinia alikula, alilala, na uso wake ulikuwa mwepesi. Alifariki nyumbani Jumanne tarehe 6 Mei 2025, saa nne asubuhi, Devota akiwa amemshika mkono, na familia imelia lakini haina ugomvi, jambo ambalo tunamshukuru Mungu kwalo. Ameacha watoto wawili na wajukuu watano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Bi. Fakhria na majirani wote wa Pongwe, walimu wenzake, usharika wake, serikali ya kijiji cha Mwera iliyoturuhusu kumlaza hapa, na wazee wa Mlalo, ambao walikuwa wameshachagua mahali pa kuchimba na bado wamekuja kuzika pamoja nasi.

Wazee hao Bryson aliwafuata mwenyewe, alfajiri ya Jumapili, siku moja tu baada ya mama kuandika neno lake, hali akijua watakavyompokea. Alikuwa amekwisha kubeba mkoba, akageuka mlangoni, akamwambia mama yake:

"Mama, nakwenda kuwaambia. Atakayegomba agombe na mimi. Wewe pumzika."