Sista Kung'uta na Viatu Vyetu

Jambo hili sijawahi kumwambia mtu: siku zote nilizomsindikiza Babu kwenye chumba cha vidonda cha zahanati, kitabu nilichoshika sikukisoma. Nilikiinua tu usoni ili nisiuone mguu wake. Nadhani Sista, muuguzi wa chumba hicho, alijua, maana siku moja alipita, akakigeuza taratibu. Nilikuwa nimekishika kichwa chini miguu juu. Akaendelea na kazi yake.

Sista huyo anastaafu Ijumaa, tarehe 28 mwezi huu, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Wagonjwa walimwomba Babu, ambaye ni fundi cherehani, aandike wasifu wake kwa ajili ya sherehe. Babu akanisukumia mimi. "Wewe ndiye unayekula vitabu," alisema. "Mimi nitaishia kuandika vipimo vya gauni."

Sista alianzia wodi ya wazazi. Chumba cha vidonda kilipokosa muuguzi, na wengi wakikikwepa kwa sababu ya harufu, alikubali kukishikilia kwa mwezi mmoja. Mwezi huo ndio unaisha Ijumaa.

Jina la Kung'uta alilipata kwa sababu ya dereva wa zahanati. Dereva alikuwa ametafuta ufunguo wa stoo wiki nzima, huku akimshuku kila mtu. Alipokuja kuonyesha lengelenge, Sista alikipindua kiatu chake na ufunguo ukadondoka sakafuni. Alikuwa akiukanyaga siku zote hizo bila kuhisi, kwa kuwa kisukari kilikuwa kimeua hisia za nyayo zake. Watu walicheka, hata dereva mwenyewe, ila Sista hakucheka. Tangu hapo hakuna aliyekaa kwenye kiti chake kabla ya kuvua viatu vyote viwili na kuvikung'uta. "Kung'uta kwanza, salamu baadaye!" Zimeshadondoka kokoto, vifungo, pini, na jino la bandia ambalo mwenyewe hajajitokeza hadi leo.

Ni yeye aliyemshawishi fundi viatu wa pale getini atushonee viatu vipana vyenye soli laini. Ni yeye pia aliyewazoesha wagonjwa kukagua nyayo zao kwa kioo kila siku. "Uso wako tunauona sisi," huwaambia. "Wewe kaangalie unyayo."

Babu, ambaye naye ana kisukari, alichelewa kumfikia. Kidonda kilianza kama lengelenge chini ya kidole gumba. Akakificha ndani ya soksi, kisha akakikanda kwa maji ambayo kwake yalikuwa vuguvugu tu, kumbe yalikuwa yakimuunguza. Daktari alisema wazi kwamba kikifika kwenye mfupa, mguu utakatwa. Sista alikiosha, akaondoa nyama iliyokufa, akakifunga na kutoa amri moja: mguu huo usikanyage kitu.

Kidonda kikagoma kupona. Babu aliapa kwamba anapumzika. Ndipo siku moja Sista akavuta kwa kibano uzi wa bluu ulionasa kwenye bandeji, akauinua kwenye mwanga wa dirisha, kisha akaitazama sare yangu ya shule, ya bluu ileile.

"Babu, siku hizi cherehani inajiendesha yenyewe?"

"Sista, mtoto atakwendaje shule na sketi iliyochanika?"

"Atakwenda na kiraka. Kesho niletee mkanda wa hiyo cherehani."

Mkanda ukafungiwa kwenye kabati la bandeji, na mimi nikavaa kiraka. Babu alinuna, akamwita Sista polisi wa nyayo, lakini bila mkanda pedali haikuwa na maana tena. Kidogo kidogo kidonda kikaanza kunywea.

Siku kilipofunga kabisa, Sista alikibonyeza pembeni pande zote, akafungua kabati na kumwekea Babu mkanda mapajani. "Ukanyagie viatu vya soli laini, na upumzike mara kwa mara." Babu, ambaye hakosi utani, alibaki akiuviringisha ule mkanda mkononi. Nikafunga kitabu na kuutazama mguu wake kwa mara ya kwanza. Niliona kovu laini na vidole vyote vitano. Roho yangu ikatua.

Sista, asante. Muuguzi anayekupokea tumeshamsikia akituamuru tukung'ute. Sauti yake bado ni ya kuomba radhi, lakini tutamzoesha. Wewe sasa kaa, na safari hii miguu inayowekwa juu ya kigoda iwe ya kwako. Tunakuombea siku nyingi za raha, afya njema, na viatu visivyo na kitu ndani.

Nilipomaliza kuandika haya, nilichukua viatu vya Babu mlangoni nikavikung'uta. Hakikudondoka kitu. Nikamshikia kioo, tukakagua unyayo wa kulia, kisha wa kushoto. Halafu nikampa viatu vyake avae.